Unataka kufungua biashara nyumbani Dar? Anza na karatasi ya kiwanja, friza ije baadae

Mimi nilianza na pilipili. Pilipili ya chupa, ile ya kusaga na vitunguu swaumu na siki, nilikua nimepanga vyumba viwili na kibaraza hapahapa Dar, nikanunua sufuria la lita 40, nikanunua friza la mtumba, nikachapisha stika 500, oda zikaanza kuja. Sikuuliza mtu yeyote chochote. Sasa kama hujawahi kuchemsha pilipili nyingi kwa wakati mmoja acha nikwambie, ule mvuke hauonekani lakini unatembea, unapita dirishani unaingia nyumba ya pili, mama wa pale alikua na mtoto mdogo mwenye kifua na kila Jumanne na Ijumaa mtoto anakohoa mpaka anatapika na mimi niko huku naimba jikoni. Alivumilia kama mwezi hivi. Alafu akaenda serikali ya mtaa, na alikua na haki kabisa.

Walikuja watu watatu, mtendaji, bwana afya, na kijana wa ofisi ya biashara. Swali la kwanza sikulitegemea, hawakuuliza leseni, waliuliza "hiki kiwanja matumizi yake nini?" Sikujua hata maana ya swali. Nikapewa notisi ya siku saba kusimamisha uzalishaji na pesa yote ilikua imelala kwenye friza na stika.

Kwahiyo nikaanza kujifunza hii ishu kwa kuzunguka maofisini, na leo naandika yote niliyoyajua ili wewe uanze ukiwa unajua. Naandika nikiwa Dar ila sheria ni za Tanzania Bara nzima, ukiwa Mwanza au Arusha au Dodoma utaratibu ni uleule majina ya ofisi tu ndio yanatofautiana kidogo. Zanzibar wana sheria zao za ardhi na leseni, usitumie hii kule.

KWANZA ELEWA MATUMIZI YA ARDHI NI NINI

Kila kiwanja kilichopimwa mjini kimepangiwa kazi. Sheria inayosimamia hilo ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 pamoja na kanuni zake za makundi ya matumizi. Kuna kiwanja cha makazi, kuna cha makazi na biashara kwa pamoja, kuna cha biashara, kuna cha viwanda vidogo, kuna cha taasisi kama shule na zahanati, kuna eneo la wazi ambalo hutakiwi kujenga kitu. Hayo yanapangwa kwenye mchoro wa mipango miji kabla hata kiwanja hakijapimwa, alafu yanaingia kwenye hati kama sharti. Ukisaini hati umekubali sharti.

Watu wengi wanachanganya hapa, wanadhani leseni ya biashara ndio ruhusa ya kufanya biashara pale walipo. Leseni inakuruhusu wewe kufanya shughuli fulani. Matumizi ya ardhi yanahusu pale mahali. Ni ruhusa mbili tofauti kutoka kwa maafisa wawili tofauti, na unaweza ukawa na leseni imebandikwa ukutani vizuri kabisa na bado afisa mipango miji akakuandikia barua. Nimeona mtu ana saluni ina leseni ya mwaka wa tatu, amepewa barua kwamba kiwanja ni cha makazi tu, na aliyempa leseni na aliyempa barua wanakaa jengo moja ghorofa moja.

HATUA YA KWANZA: ANGALIA BIASHARA YAKO INATOA NINI NJE YA GETI

Kabla hujaenda ofisi yoyote kaa chini ujiulize hili, maana kila kitu kinachofuata kinategemea hapa. Hakuna mtu anakuja kukagua kwamba unashona gauni ndani au unatengeneza logo kwenye laptop saa sita usiku. Kinacholeta wakaguzi ni kile kinachotoka nje ya geti lako, yaani wateja wanaoingia na kutoka, magari na bodaboda zinazoziba njia, kelele, harufu na moshi, maji machafu, takataka, bango, na wafanyakazi ambao hawakai hapo.

Ukiwa unafanya uhasibu, kutafsiri, tuition ya watoto watatu wanne, kushona kwa oda, kuuza nguo online na bodaboda moja inakuja jioni kuchukua mizigo, hapo nyumba bado ni nyumba, mtu akipita nje hawezi kujua. Hiyo kwa kawaida haigusi sharti la makazi, unabaki na mambo ya TIN (namba ya mlipa kodi) na leseni tu.

Ukiwa na saluni, duka, kupika chakula cha kuuza, kulea watoto mchana, kufuga kuku wengi, hapo upo katikati. Inategemea ukubwa na inategemea mahali.

Alafu kuna gereji, kuchomelea vyuma, useremala wenye mashine, kusaga nafaka, baa, ukumbi wa sherehe. Hizi kwenye kiwanja cha makazi usijidanganye. Hata kama jirani wa kulia ni rafiki yako, jirani wa kushoto atauza nyumba na atakuja mtu mwingine usiyemjua. Kelele wanashughulika nazo NEMC, baraza la mazingira, na wana kanuni zenye viwango tofauti vya mchana na usiku, na wameshafungia na kupiga faini baa nyingi tu kwa ajili ya hilo.

Mimi pilipili yangu niliiweka kichwani kwenye kundi la kwanza kwa sababu hakuna mteja aliyekua anakuja nyumbani. Harufu sikuifikiria kabisa.

HATUA YA PILI: TAFUTA KIWANJA CHAKO KIMEANDIKWA NINI

Hapa kuna njia nne kutegemea na karatasi uliyonayo.

Kama kuna hati, ifungue, usisome ukurasa wa jina tu. Nenda kwenye masharti. Hati nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, tafuta sentensi inayotaja matumizi, utakuta neno "Residential" au utakuta "Use Group A" na herufi ndogo kwenye mabano, hiyo ni kundi la makazi. Ikiwa imeandikwa makazi na biashara umepata bahati kubwa, nusu ya kazi imeisha. Ikiwa makazi tu, soma na sharti la ujenzi hapohapo maana mara nyingi linasema nyumba moja kuu na vibanda vyake vya kawaida, kwahiyo hata kuongeza fremu ya duka inakua shida nyingine.

Kama hakuna hati ila eneo limepimwa, chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri yako, Kinondoni, Ubungo, Temeke, Kigamboni, au Jiji kwa wale wa iliyokua Manispaa ya Ilala. Muombe afisa mipango miji akuonyeshe mchoro wa eneo lenu. Usione aibu kuomba. Kwenye mchoro kila matumizi yana rangi yake, muulize kiwanja changu rangi hii maana yake nini na za jirani maana yake nini. Mimi nilipoonyeshwa mchoro wa mtaa wetu niligundua viwanja vya barabara ya mbele vyote vilikua makazi na biashara na sisi wa ndani mita sitini hivi kutoka pale ni makazi matupu. Ningepanga nyumba sita mbele nisingepata lile tatizo.

Kama una leseni ya makazi, zile zilianza kutolewa Dar miaka ya 2000 kwa walio kwenye maeneo yasiyopangwa, hiyo inakutambua kama mmiliki wa nyumba kwa muda. Inasaidia sana kwenye kuthibitisha mahali unapofanyia biashara, ila isome nayo masharti yake.

Na kama huna chochote zaidi ya karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa, na Dar tuko wengi sana hapo, basi hakuna mchoro wa kukuzuia na hakuna mchoro wa kukulinda. Hapa sikiliza vizuri maana hili watu wanalipoteza kila siku. Urasimishaji, yaani kupanga na kupima mitaa iliyojengwa bila mpango, ukifika mtaani kwenu kunakua na mikutano na kamati ya mtaa, alafu wataalamu wanapita wanachora kila kipande na matumizi yake. NENDA KWENYE HIYO MIKUTANO. Kama una duka au saluni au unapanga kuwa nayo, sema pale, waandike, hakikisha kipande chako kwenye rasimu kimechorwa makazi na biashara kabla mchoro haujaidhinishwa. Kusema pale ni bure, kubadilisha baadae utaona huko chini inavyokua. Wengi wanatuma mtoto akawakilishe, mtoto anasema "ni nyumba ya kuishi," imeisha.

KAMA NI MPANGAJI

Mpangaji unabanwa mara mbili, na kiwanja na mwenye nyumba. Mkataba wako ukisema pango la makazi ukafungua biashara umevunja mkataba hata kama kiwanja kinaruhusu.

Ongea na mwenye nyumba mapema na uongee nae ukijua anaogopa nini. Anaogopa vitu viwili. Cha kwanza ni nyumba kuharibika, maji, umeme, moto. Cha pili ni TRA, watu wa kodi, maana pango la biashara lina kodi ya zuio ya asilimia 10 ambayo mpangaji anaikata na kuipeleka, kuna na ushuru wa stempu kwenye mkataba, na wenye nyumba wengi hawataki kabisa jina lao liingie huko. Ndio maana unakuta mtu anakwambia "fanya tu biashara yako ila mkataba wa biashara sikupi". Hiyo ruhusa ya mdomo haina kazi yoyote, kwa sababu TRA na ofisi ya biashara wote watakuomba mkataba. Zungumzeni hiyo asilimia 10 inatoka kwa nani kabla hujahamisha hata kiti, kwenye mazungumzo mengi mwisho wa siku inaishia mpangaji anaongeza kidogo kwenye pango, bora ujue mapema uweke kwenye bei zako.

Ukikaa nyumba ya baba au ya familia, andikeni barua fupi ya ridhaa, mzee anasaini, mjumbe anashuhudia, serikali ya mtaa inapiga mhuri. Hata kama mnapendana. Mzee akiondoka leo warithi wakaanza kuulizana, hiyo barua ndio itakutetea.

Ukiwa kwenye fleti ambayo kila mtu anamiliki yake, hizo zina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 na wamiliki wanakua na umoja wenye kanuni zao, omba kanuni uzisome, nyingi zinakataza wateja kupanda ngazi au kuhifadhi gesi nyingi. Fleti za kupangishwa za mashirika nazo angalia mkataba wake.

HATUA YA TATU: MAJIRANI, ALAFU SERIKALI YA MTAA

Ukienda serikali ya mtaa kabla ya majirani umekosea mpangilio. Mwenyekiti wa mtaa jambo la kwanza atakuuliza ni majirani wanasemaje.

Zunguka nyumba za pande zote nne, na ya mbele ng'ambo ya njia. Nenda mwenyewe, jioni, usitume mtu. Waambie unataka kufanya nini, saa ngapi mpaka saa ngapi, takataka zitaenda wapi, gari la mzigo litasimama wapi, na uwaachie namba yako kabisa uwaambie kitu kikikukera nipigie mimi kwanza. Mimi baada ya ile notisi nilienda kwa yule mama kuomba radhi, nikakaa nae kwenye mkeka, akaniambia neno ambalo sijalisahau, "mwanangu ungenambia tu unapika siku gani ningempeleka mtoto kwa bibi yake." Mwezi mzima alikua hajui hata ule moshi unatoka wapi.

Wakikubali waandike majina na saini kwenye karatasi moja. Sheria ya leseni haikulazimishi hiyo karatasi ila ukiwa nayo mkononi siku mtu akilalamika mazungumzo yanakua tofauti kabisa. Na ukija kuomba kubadilisha matumizi utaihitaji.

Hapo sasa ndio unaenda kwa mwenyekiti na mtendaji, unaomba barua ya utambulisho wa biashara, inataja jina lako, shughuli, mtaa na namba ya nyumba. Hii barua inazunguka kila ofisi, toa kopi tano.

HATUA YA NNE: TIN, JINA, LESENI

Hapa ntapita haraka maana maelezo yapo mengi na kazi kubwa imeshafanyika huko juu.

TIN ni bure, uwe na namba ya NIDA. Kama una TIN uliyochukua kwa ajili ya leseni ya udereva au ajira sio ya biashara, inabidi ibadilishwe iwe ya biashara, na hapo wanataka kujua mahali, ndio ile barua ya mtaa na mkataba au uthibitisho wa umiliki vinaingia. Watakufanyia makadirio ya kodi. Mfanyabiashara mdogo asiyefika mauzo ya milioni 4 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato kwenye ule mfumo wa makadirio, kwahiyo sema mauzo yako halisi, usiseme makubwa kwa kujisifu wala madogo kwa kuogopa. Kodi ikiwepo inalipwa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba, Desemba.

Kama unatumia jina ambalo sio lako mwenyewe lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao.

Leseni inatolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya 1972 ambayo imerekebishwa mara nyingi. Ziko za kundi A ambazo zinatolewa BRELA na kundi B ambazo zinatolewa na halmashauri, biashara nyingi za nyumbani ni B. Unaomba kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, unapata kontrol namba, unalipa. Leseni ni ya miezi 12 na inafungwa na mahali, ukiwa na sehemu mbili unahitaji leseni mbili, ukihama mtaa toa taarifa. Kwenye fomu pale panapouliza mahali pa biashara andika ukweli kwamba ni nyumbani. Kuna watu wanaazima anuani ya fremu ya rafiki, alafu siku ya ukaguzi afisa anaenda kwa rafiki anakuta duka la viatu. Inakua uongo kwenye fomu ya serikali na hilo ni kosa kubwa kuliko kile ulichokua unakwepa.

KAMA NI CHAKULA

Hapa kaa kidogo maana ndio biashara za nyumbani nyingi, keki, maandazi, karanga, viungo vya pilau, juisi, achari, na ndio niliyoumia.

Kuna kupika na kuuza hapohapo, na kuna kufungasha. Ukipika na kuuza, mtu wako mkubwa ni afisa afya wa kata. Anataka kuona choo, maji, mahali pa kuoshea vyombo, takataka, na wewe na wasaidizi wako mpimwe afya, hicho cheti kinahuishwa kila miezi sita. Nenda ofisini kwake mwenyewe kabla hajaja kwako, mwambie njoo uone nikosoe. Atakuandikia orodha. Yule wa kwetu ambaye nilimchukia siku ya notisi ndio aliyekuja kunifundisha kila kitu baadae bila kuniomba hata soda.

Ukifungasha kwa lebo kwenda dukani unaingia TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosajili majengo ya chakula na bidhaa za chakula, kazi iliyokua zamani ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Wajasiriamali wadogo wanapitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza kwa mafunzo na barua, na hiyo barua inakupunguzia gharama za alama ya ubora, usiende TBS bila kupita SIDO, utalipa pesa ambayo hukutakiwa kuilipa.

Sasa mkaguzi akija kuangalia jengo, kitu kinachowaangusha watu wa nyumbani ni mlango. Anatafuta chumba cha uzalishaji kilichotengwa na maisha ya nyumba, chenye mlango wake wa kuingilia, ambacho mtu hapiti sebuleni wala jikoni mwenu kufika. Mtoto asiweze kuja na daftari kukuuliza hesabu ukiwa unajaza chupa. Sakafu inayooshika, ukuta unaofutika mpaka juu kidogo ya meza, dirisha lenye wavu, sehemu ya kunawa mikono tofauti na ya kuosha vyombo, mahali pa malighafi na mahali pa bidhaa iliyokamilika visikae pamoja. Kibaraza changu kilikua na kila kitu isipokua mlango, maana ili ufike kibarazani lazima upite chumbani kwetu, magunia ya vitunguu yanapita pembeni ya kitanda. Nilihesabu gharama ya kutoboa ukuta nikakumbuka nyumba sio yangu.

Nilichofanya mwishowe ni kugawa. Kupika nikahamishia kwenye kibanda nilichopanga na wenzangu wawili wa viungo kwenye kiwanja cha barabara ya mbele, kile cha makazi na biashara. Nyumbani kukabaki oda, hesabu, stika, simu na wateja. Kwa biashara nyingi nawashauri hivyo, ile sehemu inayotoa moshi na kelele ipeleke panaporuhusiwa, ile ya kalamu na simu ibaki nyumbani. Ilinitoka pesa kidogo ya pango ila friza ilitoka chumbani nikalala vizuri.

Kuhusu friza, angalia na LUKU. Nyumba ndogo nyingi ziko kwenye tarifu ya D1 ambayo uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni bei ya chini, shilingi 100 kabla ya makato, na ukizidi zinaruka mara tatu na zaidi. Friza moja ya biashara inakutoa huko mapema tu. Wapangaji wenzio mnaochangia mita watakua wanalipia barafu zako, na huo ugomvi nao unaishia kwa mwenyekiti wa mtaa.

WATOTO, NA FREMU YA UKUTANI

Kulea watoto mchana kunaonekana rahisi kwa sababu ni nyumbani na una upendo, ila vituo vya watoto viko chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 na vinasajiliwa kupitia ustawi wa jamii. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, kabla ya kupaka rangi katuni ukutani.

Fremu. Watu wanavunja ukuta wa mbele wanaweka fremu mbili, moja duka moja M-Pesa. Hapo umegusa mambo matatu kwa mpigo, matumizi ya kiwanja, kibali cha ujenzi, na hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mikoa Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi ya mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati, na kuna barabara zenye zaidi ya hapo. Watu wa Kimara mpaka Kiluvya wanakumbuka nyumba zilivyobomolewa 2017 kando ya barabara ya Morogoro. Chukua futi kamba upime kutoka katikati ya barabara kabla hujamwaga zege, alafu ukawaulize TANROADS (barabara kuu na za mikoa) au TARURA (barabara za mitaa na vijijini) kulingana na barabara yenyewe. Na bango lina ada na kibali chake halmashauri, wengine wanaanza na bango kubwa la kuwaka taa na ndio linaloleta mkaguzi.

HATUA YA TANO: KUBADILISHA MATUMIZI YA KIWANJA

Hii ni kwa mwenye kiwanja anaetaka biashara ya kudumu na kubwa. Mpangaji huwezi kuomba, ni mmiliki. Na mwenye saluni ya viti viwili naomba afikirie mara mbili maana ni safari ndefu.

Inaenda hivi. Unaandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ukieleza kiwanja namba fulani kitalu fulani kutoka makazi kwenda makazi na biashara, inapita mtaa na kata. Unaambatanisha nakala ya hati, risiti ya kodi ya ardhi ya mwaka husika, kitambulisho, picha za eneo. Kodi ya ardhi ikiwa na deni hawakusikilizi, lipa kwanza. Wengi wanakwama hapa, wanagundua wana deni la miaka sita.

Unaweka bango kwenye kiwanja na tangazo gazetini watu wajue unataka kubadilisha nini na wapewe muda wa kupinga. Hapo ndio ile karatasi ya saini za majirani inafanya kazi. Afisa mipango miji anakuja kuona, anaangalia upana wa njia, maegesho, maji taka, majirani wanafanya nini. Maombi yanakwenda kwa wataalamu wa halmashauri alafu kwenye kamati ya mipango miji ya madiwani, na kamati hizi zina ratiba, ukikosa kikao unasubiri kingine. Yakipita yanakwenda Wizara ya Ardhi kwa idhini. Ikikubaliwa hati ya zamani inarudishwa ofisi ya ardhi ya mkoa na masharti mapya yanaandikwa.

Hesabu ya pesa usihesabu ada ya maombi na tangazo tu. Kodi ya ardhi ya biashara ni kubwa kuliko ya makazi na utailipa kila mwaka, hata mwaka ambao biashara imelala. Muulize afisa ardhi akupigie hesabu ya kodi mpya kwa mita zako za mraba kabla hujaandika barua. Na omba makazi na biashara, usiombe biashara tupu kama bado unataka kulala hapo.

Kila malipo ni kwa kontrol namba. Mtu akikwambia mpe mkononi akufanyie haraka, muombe kontrol namba, hapo utajua.

UKISHAPEWA NOTISI

Usiifiche wala usigombane nao getini. Isome, angalia vitu vitatu, imetoka ofisi gani, inasema umevunja sharti gani, na ina siku ngapi. Ya afisa afya inajibiwa kwa marekebisho, ya leseni inajibiwa kwa leseni, ya mipango miji inajibiwa kwa kusimamisha au kwa maombi ya kubadilisha. Watu wanakimbilia kukata leseni wakati notisi ni ya matumizi ya ardhi, siku zinaisha bado hawajajibu kilichoulizwa.

Simamisha ile sehemu inayolalamikiwa siku hiyohiyo, piga picha. Andika barua ya majibu kabla siku hazijaisha, fupi tu, umepokea notisi ya tarehe fulani, umesimamisha kitu fulani, unaomba siku kadhaa kwa ajili ya kitu fulani. Peleka nakala mbili, moja waipokee, ya kwako igongwe mhuri na tarehe. Mimi niliomba siku 30 za kuhamisha, nikapewa 21, na zilitosha. Ile nakala yenye mhuri bado ninayo kwenye faili pamoja na leseni, barua ya mtaa, saini za majirani na cheti cha afya, na kwenye jalada la mbele nimeandika kwa kalamu nyekundu tarehe ambayo kila kimoja kinaisha.